Mzee Aliyefundisha Mbwa kwa Kopo la Dagaa

Habari za kifo cha mzee mmoja wa huko chini ya milima ya Upare Kusini zilinifikia Jumamosi iliyopita sokoni hapa Same, nikiwa nimeinama kuchagua mchele. Muuza mchele ni mtu wa Ndungu, tumefahamiana tangu siku zile nilipokuwa katibu wa kijiji katika kimojawapo cha vijiji vipya vya ujamaa vilivyoanzishwa kando ya barabara ya kwenda kwao. Alinipimia, akafunga mfuko, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote, "Basi mzee wetu wa mbwa tumemzika. Hii ni wiki ya pili." Kutoka Same hadi kaburini kwake ni safari ya nusu siku tu, na kwa wiki mbili nzima hakuna aliyeniletea habari. Nilimuuliza muuza mchele kwa nini. Alinijibu, na jibu lake nitalileta mwishoni, kwa sababu nikiliandika sasa hivi sitaweza kuendelea.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba safu hii haitaji majina ya watu. Leo nina sababu ya ziada: jina la marehemu huyu sistahili kulitaja. Hakuwa mtu wa kuandikwa gazetini. Hakuwa na cheo, hakusoma zaidi ya kujua kusoma, na alipovaa koti lake la Jumapili lilimpwaya mabegani. Kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye ilikuwa kulea watoto wa mbwa. Najua baadhi yenu mnacheka. Chekeni tu, mimi nami nilicheka.

Nilifika kijijini pale nikiwa kijana wa kozi ya miezi mitatu, mgeni kutoka Singida, Kipare sijui hata salamu. Nilikuwa na mashati mawili, kitabu cha kumbukumbu za vikao na imani kubwa. Naitaja imani hiyo bila kejeli, maana ilikuwa ya kweli. Kijiji kilikuwa cha watu walioteremshwa kutoka milimani upande wa Bombo, wakachanganywa na vibarua waliotoka mashamba ya mkonge na familia chache za wafugaji wa tambarare. Shamba la kijiji, la mahindi, lilipakana na mawe ya mlima, na juu ya mawe hayo walikaa nyani. Tulipanga zamu za ulinzi. Nyani nao nadhani walipanga za kwao, maana waliteremka kila mara saa ile ile ambayo walinzi wetu walikuwa wameenda kunywa uji. Hasara ya shamba lile haikumuuma mtu yeyote peke yake, na msimu wa kwanza tulivuna magunzi. Ndipo kikao kilipoamua kijiji kiwe na mbwa. Mzee yule, ambaye mbwa wake jike alikuwa amezaa, akasimama akasema atatoa mtoto mmoja na atamlea mwenyewe mpaka awe mbwa wa kazi. Hakuomba chochote. Aliweka sharti moja tu, kwamba asipigwe. Watu wakacheka, na mimi nikaandika kitabuni: sharti limekubaliwa.

Kikao hicho hicho kilitumia saa nzima kumpa mbwa jina. Mjumbe mmoja alipendekeza aitwe Ujamaa, mpaka mwenyekiti alipofikiri kidogo akauliza itakuwaje siku mtu atakaposikika njiani akisema Ujamaa ana viroboto. Tukakubaliana kwa kauli moja aitwe Jitegemee. Mzee hakulitumia jina hilo hata siku moja.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwake ili nimwingize mbwa katika orodha ya mali ya kijiji, baada ya majembe na kabla ya mizani. Nilimkuta mzee mwenye mvi kichwa kizima amelala kifudifudi uani, ameshika ncha moja ya kipande cha kanga kuukuu, na mtoto wa mbwa, wa rangi ya kahawia na doa jeupe kifuani, ameng'ang'ania ncha ya pili. Walikuwa wananguruma wote wawili. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba. Kaa chini, Katibu. Ukisimama hivyo anaona miguu tu, hajui kama huko juu kuna mtu." Nikakaa chini na suruali yangu ya ofisini. Mtoto wa mbwa akaja, akaninusa viatu, akapewa dagaa mmoja. Akaninusa mikono, akapewa wa pili. Nilipoondoka pale alikuwa ameshalala mapajani mwangu, na orodha nilikuwa nimeisahau.

Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambamo mbwa hufundishwa kwa gongo na jiwe, na tulidhani hakuna njia nyingine, kwa kuwa hata sisi wenyewe tulifundishwa hivyo. Mzee yule alifundisha kwa mchezo. Alipoumwa kidole katika kuvutana alisema "aa", akageuka, akampa mtoto mgongo, na mchezo ukaisha papo hapo. Sikuona adhabu nyingine zaidi ya hiyo. Mtoto alipokojoa ndani, mzee alifuta kimya kimya, na kesho yake akamtoa nje mapema zaidi. Ili amzoeshe kuku, alikaa naye kando ya kuku mpaka mtoto akachoka kuwatazama akasinzia. Alikuwa pia na kipande cha ngozi kavu ya nyani alichokifunga kamba. Alikiburuta uani, mtoto akikikimbiza, na alipokikamata mzee alimsifu kwa Kipare kwa sauti kubwa hata wapita njia wakadhani kuna mgeni amefika. Kisha alimwonyesha dagaa. Mtoto aliachia ngozi, akala dagaa, na hapo hapo mzee akamrudishia ngozi ile ile. Nilimuuliza kwa nini anamrudishia. "Ili ajue anayechukua kwake si mwizi," alisema. "Ukimnyang'anya kila siku, siku moja atakuuma kwa ajili ya mfupa. Na atakuwa na haki."

Jambo lililonishangaza zaidi ni jinsi alivyomtembeza. Kila siku alimbeba katika kikapu mpaka kaya moja, leo hii, kesho ile, hadi kijiji kizima kikaisha, kisha akaanza upya. Alitaka mtoto ashikwe na bibi mwenye mkongojo, na mfugaji mwenye shuka jekundu, na fundi baiskeli anayegonga vyuma, na mama anayetwanga. Hakumlazimisha. Alikaa naye mbali kidogo, akamwacha atazame, na kila jambo geni lililotokea lilifuatwa na dagaa. Nilimuuliza, "Sasa mzee, mbwa wa ulinzi anayependa watu wote atalinda nini?" Akanitazama kama anayenihurumia. "Atalinda mahindi," akasema. "Watu si nyani."

Katika mwezi wa tatu wa malezi hayo mkewe akaugua, wakampandisha milimani hadi hospitali ya Gonja, na mzee akalazimika kukaa huko wiki mbili. Alinijia ofisini akiwa na mtoto wa mbwa na kopo la maziwa lenye dagaa wakavu ndani yake. Lilikuwa kopo la mwito. Wao wawili walikuwa na mchezo wao: mzee alijificha nyuma ya kihenge au nyuma ya mgomba, akatikisa kopo mara mbili, na mtoto akamtafuta, akimpata ni sherehe. "Ukilitikisa mara mbili atakuja, hata kama anakula," aliniambia. "Ila usimwite kwa jambo baya, Katibu. Ukitaka kumwogesha, mfuate alipo. Ukitaka kumtoa mwiba, mfuate. Ukitaka kumfunga, mfuate. Akija kwa kopo akute kizuri tu." Nikamuuliza, nusu kwa utani, itakuwaje nikikosea mara moja. "Hiyo mara moja ataikumbuka," akajibu.

Aliniambia kwamba maneno hayo hakuyabuni. Baba yake alikuwa mpiga baragumu wa msaragambo huko milimani, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kutengeneza ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji ya mashamba. Baragumu likilia, kila mtu alishika jembe akatoka, na alikofika alikuta kazi, chakula, na mwisho wa siku maji shambani kwake. Asiyetokea alifuatwa kwake kesho yake, akaulizwa huko huko. Kulikuwa na wakubwa waliotaka baragumu lilie ili watu wakusanyike, kisha mtu fulani akamatwe mbele ya wenzake. Baba yake alikataa, akasema baragumu likidanganya mara moja litakuwa pembe ya ng'ombe tu. Nilimsikiliza mzee kwa heshima, na nilidhani nimeelewa.

Nakiri kwamba wiki zile mbili zilikuwa za furaha kwangu, mimi mgeni niliyekuwa nakula peke yangu. Nilijificha nyuma ya kabati la faili nikatikisa kopo, na mtoto wa mbwa akanitafuta ofisi nzima. Lakini kijiji kina macho. Mzee aliporudi na mkewe amepona, kikao kilichofuata kilikuwa na agenda isiyoandikwa. Balozi mmoja wa nyumba kumi akasimama. "Mbwa ni wa kijiji," alisema. "Sasa tunamwona analala kwa Katibu, anakula dagaa. Wananchi wangapi hapa wanakula dagaa? Na huko kwa mzee analelewa kama mali yake. Huo si ubinafsi?" Watu wakanung'unika kumuunga mkono. Neno ubinafsi siku zile lilikuwa na uwezo wa kummaliza katibu. Ningeweza kusimama nikaeleza. Badala yake, na hili hakuna aliyenituma, nilipendekeza mimi mwenyewe kwamba mbwa alelewe kwa zamu, kila balozi wiki moja. Wakapiga makofi. Mzee akaomba nafasi. "Mwenyekiti, kumshika mshikeni wote, ndiyo maana nilimleta majumbani mwenu. Kumfundisha niachieni mimi mpaka vuli." Mwenyekiti akatabasamu. "Mzee, hapa hatuna tena mambo ya mimi." Makofi yakarudi. Ratiba niliichapa usiku ule ule, nakala nne, kwa karatasi za kaboni, na nilijivunia jinsi mistari ilivyonyooka.

Balozi wa kwanza alimfunga kamba wiki nzima asirudi kwa mzee. Wa pili alimfundisha kukaa kwa fimbo, na wa baada yake akamchapa kwa sababu anakaa badala ya kukimbia. Wa nne ndiye yule aliyesema maneno ya dagaa. Alikuwa na imani ambayo wengi wanayo hadi leo, kwamba mbwa akilishwa pilipili na kukatwa masikio huwa mkali. Alimwita kwa sauti tamu, kipande cha nyama kiganjani. Mbwa akaenda, maana maisha yake yote alikuwa hajakutana na mkono wenye chakula unaodanganya. Balozi akambana katikati ya magoti, akamkata masikio yote mawili kwa kisu cha kuchinjia kuku. Hakufanya kwa ukatili. Alikuja ofisini kutoa taarifa, amenawa mikono vizuri, akiwa na uso wa mtu aliyetimiza wajibu, na mimi nikamwandikia.

Tangu siku hiyo mbwa hakuwa wa mtu. Alihamia kwenye vichaka kati ya shamba na mawe ya mlima, na hakuna aliyeweza kumsogelea. Lakini hebu tazameni jambo hili: aliendelea kuwafukuza nyani. Hakuna aliyempangia zamu, hakuna aliyemsifu, na bado kila nyani alipoteremka tulisikia kubweka kwake kule juu. Mwaka ule mahindi yalikomaa. Kila asubuhi mzee alikwenda kwenye kingo za shamba, akatikisa mara mbili kopo lake jingine, maana lile la kwanza lilikuwa limebaki kwangu, mbwa akatoka kichakani, akalishwa, akapakwa dawa ya mizizi pale palipokuwa masikio. Mzee hakuwahi kujaribu kumrudisha nyumbani. "Akitaka atarudi mwenyewe," aliniambia, na hakunilaumu. Nadhani alikuwa bado ananihesabu kuwa rafiki.

Ratiba yangu ikazunguka, na zamu ya yule balozi ikarudi. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Alichukua kamba, akaenda kumleta mbwa wa kijiji kwenye zamu yake, akambana kwenye pembe ya mawe pasipo na njia ya kutokea, na mbwa akamuuma mkono. Kabla ya saa sita mchana kijiji kizima kilikuwa kinasema mbwa ana kichaa. Kikao kikaitwa haraka. Mzee akasema, "Nipeni siku kumi. Nitamfuata mwenyewe, nitamfunga kwangu, nitakaa naye. Kama ni kichaa hatafika siku ya kumi, atakufa mbele yangu. Kama si kichaa mtaona." Lilikuwa ombi la busara, na bwana mifugo yeyote angelikubali. Tatizo ni kwamba Jumamosi ya wiki ile wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuangalia kijiji chetu cha mfano. Mwenyekiti akasema mbwa auawe kabla ya Jumamosi, na kwa kuwa mzee ndiye anayejua kumwita, amwite. "Kumfuata nitamfuata," mzee akasema. "Kumwita, hapana." Akatoka kikaoni bila kuaga.

Mgambo wakamtafuta siku mbili. Mbwa aliwatazama kutoka juu ya mawe, wakisogea anasogea. Ijumaa saa moja asubuhi mwenyekiti akaja mlangoni kwangu. "Katibu, wewe si una kopo?" Nilikuwa nalo, lilikuwa kwenye rafu nyuma yangu. Ningesema limepotea. Ningesema sijui. Lakini jina langu lilikuwa limepelekwa wilayani kwa ajili ya kozi ya juu, na wageni wa kesho ndio waliokuwa na barua yangu. Nilijiambia habari za watoto wa kijiji, kwamba huenda ana kichaa kweli. Ni hoja nzuri, na kila nikiitazama naona nilikuwa naivaa kama yule mzee alivyovaa koti lake, ikinipwaya.

Tulikwenda na mgambo mmoja, akajibanza nyuma ya lundo la mabua akiwa na bunduki. Nilitikisa kopo mara mbili. Kichwani nilikuwa namwomba mbwa asije. Alitoka mbio, doa lake jeupe likionekana katikati ya mimea, mkia unazunguka. Alichukua dagaa kiganjani mwangu kwa midomo, bila kunigusa kwa jino, kama alivyofundishwa. Akakaa. Kisha akanyoosha shingo akatazama nyuma yangu, upande huu na upande ule, na nikaelewa anatafuta nini. Alikuwa anamtafuta mzee. Alidhani ni ule mchezo wao, na kwamba mzee amejificha mahali hapo karibu. Mgambo akafyatua.

Wageni walikuja, wakala, wakasifu mahindi. Mkono wa balozi ukapona, siku kumi zikapita, mwezi ukapita, na kichaa hakikuonekana kwake wala kwa yeyote. Nasikia bado yuko hai, ana wajukuu. Jumatatu iliyofuata mzee aliingia ofisini, nikamwamkia, akaitika, akaweka juu ya meza yangu kopo lake. "Hili nalo ni mali ya kijiji," alisema. "Liandike." Na mimi, Mungu anisamehe, niliandika: kopo moja. Miaka mitatu niliyobaki pale nilimwamkia kila tulipokutana, shikamoo mzee, na kila mara alinijibu marahaba, kwa sauti ile ile, bila kuongeza neno. Kama angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Msimu uliofuata nyani walirudi, tukapanga zamu. Hilo halikunisumbua kama lilivyonisumbua jambo jingine, ambalo nilianza kuliona baada ya hapo. Ofisini kwetu kulikuwa na ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, ikigongwa watu walikuja mkutanoni. Siku za mwanzo walikuja mbio, kweli kabisa, wakiwa na viti vyao. Kisha tukaigonga tukasema ni mkutano wa maji, na walipofika tukasoma majina ya waliokosa shamba la kijiji. Tukaigonga tukasema kuna wageni, na walipokusanyika wakaambiwa nani na nani wabomoe nyumba zao za mlimani kabla ya mwisho wa wiki. Mikono ya kugonga ilikuwa yangu. Baada ya mwaka mmoja ringi ikigongwa ulisikia milango ikifungwa, na katika taarifa zangu niliandika kwamba mwamko wa wananchi uko chini.

Halafu ukaja ugonjwa wa surua. Muuguzi mmoja aliteremka kutoka milimani na sindano zake, mama mnyamavu aliyetembea tangu alfajiri. Tukagonga ringi. Hakuna aliyekuja. Tukagonga tena. Akina mama walikuwa wamechukua watoto wao wakajificha mashambani, wakidhani tunataka kuandikisha kitu. Muuguzi alikaa hadi saa saba, kisha akauliza kama hakuna njia nyingine ya kuwaita watu hawa. Mtu mmoja akamtaja mzee. Sikuthubutu kwenda mimi, alikwenda muuguzi mwenyewe. Sijui alimwambia nini. Baada ya muda tukasikia baragumu la baba yake kutoka kilimani, mlio mrefu ambao wengi hawakuwa wameusikia tangu wateremshwe, na watu wakaanza kutokea kutoka kila upande, wengine na majembe, akina mama na watoto migongoni. Watoto wakachanjwa wote waliofika. Jioni mwenyekiti akafurahi sana, akasema baragumu hilo liletwe ofisini litumike kwa mikutano. Kesho yake mzee akalipandisha Bombo kwa mdogo wake, na halikuteremka tena.

Ninapomkumbuka leo najiuliza nani kati yetu alikuwa mjamaa. Sisi tulikuwa na ratiba, mihuri na nakala nne. Yeye alikuwa ametoa mbwa wake bora bila kuombwa, akambeba kwenye kikapu kaya kwa kaya ili amjue kila mtu, na alichotaka ni kwamba atakayeitwa asidanganywe. Niliamini maneno yaliyokuwa kwenye vitabu vyangu, na naendelea kuyaamini. Tulichokosea si kuwaita watu wakae pamoja. Tulikosea pale walipokuja kwa moyo mweupe na sisi tukiwa tumeficha mtu nyuma ya mabua. Kisha tukashangaa kwa nini hawaji. Kuna wakubwa wanaoshangaa hadi hivi leo, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo sisemi nikiwa nimesimama pembeni.

Sasa jibu la muuza mchele. Aliniambia kwamba mdogo wa marehemu aliliteremsha baragumu, likapigwa, na watu walikuja wengi mpaka wengine wakasimama barabarani. Alikuwepo muuguzi, ambaye sasa amestaafu. Alikuwepo yule mgambo, ambaye alilia. Alikuwepo hata balozi. Walio mbali walipelekewa habari, mmoja hadi Tanga. "Basi mimi hapa Same mlinisahau?" nikamuuliza. "Hatukukusahau," akasema. "Alipozidiwa, watoto wake walimuuliza kama wakuite. Akasema Katibu asiitwe. Akasema, nikimwita atakuja akidhani nimemsamehe, na mimi sijamsamehe. Simwiti kiumbe kwa uongo."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Nimejaribu kuyakasirikia, sikuweza. Alikuwa na kila sababu ya kuivunja kanuni yake kwangu mimi, na hakuivunja. Nitakwenda kaburini kwake bila kuitwa, kwa miguu yangu, kama alivyosema mtu afuatwe. Na ninyi mnaonisoma, mlio na watoto, wanafunzi, wafanyakazi au mbwa wa uani, kabla hamjainua sauti kuwaita, angalieni kwanza wakifika watakuta nini. Kama ni kibaya, nyanyukeni muwafuate.